Kongoti hana hatia ya taka zetu

Malalamiko dhidi ya kongoti yanafanana mji hadi mji. Kampala, anakoitwa kaloli, watu wanalalamikia kinyesi kinachoangukia magari, nguo na vichwa vya wapita njia. Nairobi wanalalamikia uvundo chini ya migunga ya Barabara ya Mombasa, jirani na Uwanja wa Nyayo, ambako ndege hawa wamejenga viota juu ya msongamano wa magari. Kisumu na Mwanza wanaonekana kwenye mialo na masoko ya samaki, wakisubiri matumbo yatupwe. Na popote yanapozuka malalamiko hayo, dawa inayotajwa kwanza ni ileile: miti ikatwe, viota viangushwe, na wapo wasioona haya kutaja sumu. Nasema dawa hiyo inamwadhibu asiyehusika na kumwacha mhusika. Kongoti hakuvamia miji yetu. Alifuata chakula tulichokitandaza wenyewe, na ataendelea kukifuata hata tukikata kila mti wa barabarani. Anayetaka apungue aanze na dampo, machinjio na soko, na mti auache kwanza.

Tuanze kwa kumfahamu, maana wengi wanaomshutumu hawajapata kumtazama vizuri. Kongoti ni wa familia ya korongo, na ni miongoni mwa ndege wakubwa kabisa wanaoruka barani Afrika. Akisimama wima hufikia mita moja na nusu, uzito wake unaweza kufika kilo tisa, na mabawa yakikunjuliwa hupita mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha. Mgongo na mabawa ni ya kijivu kilichokolea hadi kukaribia weusi, tumbo ni jeupe, na domo lake nene linaweza kufika sentimita 35. Kichwa na shingo havina manyoya isipokuwa vinyweleo vichache vilivyotawanyika juu ya ngozi nyekundu yenye mabaka meusi. Kifuani huning'inia mfuko wa ngozi ya rangi ya waridi, na watu wengi huamini kwamba humo ndimo anamoweka akiba ya chakula. Sivyo. Mfuko ule ni wa hewa, umeungana na tundu la kushoto la pua, na ndege huujaza anapotaka kuwaonyesha wenzake ubabe au kumvutia mwenza. Upara wake nao una kazi: anayeingiza kichwa ndani ya mzoga mara kwa mara asingeweza kusafisha manyoya yaliyogandamana damu mahali ambapo domo lake halifiki. Hata miguu ile inayoonekana kama imepakwa chokaa si myeupe kwa asili. Ngozi yake ni ya kijivu cheusi. Jua likiwa kali kongoti hujinyea miguuni makusudi, majimaji yale yakikauka huondoka na joto, na damu inayopita miguuni hurudi mwilini ikiwa imepoa. Weupe tunaouona ni mabaki ya kinyesi kilichokauka. Tunakiita uchafu, kumbe ni njia yake ya kuvumilia jua la saa sita mchana bila kuacha kazi.

Makazi yake ya asili yametapakaa kusini mwa Sahara: mbuga za nyasi, vinamasi, kingo za mito na maziwa, popote palipo wazi na maji hayako mbali. Msituni hapendi kuingia, na jangwani hana la kufanya. Huko majini ndiko unakomtambua kuwa ni korongo hasa. Huingia kwenye maji ya kina kifupi, akatumbukiza domo likiwa wazi kidogo, akatembea polepole au akasimama tu. Samaki au chura akigusa domo, linajifunga. Hahitaji kumwona anayemkamata, kwa hiyo maji ya tope hayamzuii. Nchi kavu hula panzi, kumbikumbi, panya, nyoka, na hata vitoto vya mamba. Moto ukiwaka mbugani hutembea mbele ya ndimi zake akidaka wadudu na wanyama wadogo wanaokimbia. Kwenye makundi ya viota vya kwelea kwelea hula makinda kwa wingi, jambo ambalo mkulima wa mtama na mpunga angepaswa kulihesabu upande wa faida.

Kuna tabia moja yake inayostahili kujulikana zaidi. Watafiti waliandika mwaka 1978 kwamba kongoti huokota tuta, wale mbawakawa wanaoishi kwenye mavi ya wanyama, lakini hawamezi papo hapo. Huwabeba hadi kwenye maji, akawasuuza, ndipo akameza. Ndege tunayemtaja kuwa mfano wa uchafu huosha chakula chake pale maji yanapokuwepo. Nalitaja hili kwa sababu lawama nyingi dhidi yake zinasimama juu ya dhana kwamba uchafu ni asili yake na kwamba anaupenda. Ushahidi unaonyesha mnyama asiyechagua sana, anayekula chochote chenye asili ya nyama kinachopita kooni, na anayeishi kwa kupima wapi chakula kinapatikana kwa nguvu kidogo zaidi. Kikiwa kinamasini, atakuwa kinamasini. Kikiwa nyuma ya machinjio, atakuwa nyuma ya machinjio.

Mzogani napo hayuko kama wengi wanavyodhani. Domo lake ni kubwa lakini halikuumbwa kurarua. Halina ndoano ya tumbusi wala tai, kwa hiyo ngozi ya nyumbu au ng'ombe humshinda. Hufanya nini basi? Husimama pembeni mwa tumbusi, akawaacha wafungue mzoga, kisha akanyakua pande lililokwisha kukatwa na kulimeza zima. Maisha yake yote mzogani yanategemea kisu cha mwingine. Sasa tafakari kile kinachotokea kwenye machinjio na soko la samaki la mjini. Nyama imekatwa tayari. Matumbo, mapafu, vichwa na mapezi yamerundikwa vipande vipande, hakuna fisi wa kushindana naye, hakuna simba wa kumfukuza, na karamu hiyo inaandaliwa kila siku ya mwaka, masika na kiangazi. Kwa ndege mwenye udhaifu huo mmoja mkubwa, sisi wanadamu tumefanya kazi ya tumbusi, tena kwa bidii ambayo hakuna tumbusi angeiweza. Ziwa Hawassa kule Ethiopia ni mfano mzuri: kongoti hujipanga miguuni mwa wavuvi wanaopara samaki, na sasa wamekuwa kivutio cha wageni. Ni ndege yuleyule na mabaki ni yaleyale, ila watu wa pale wamechagua kumtazama kwa jicho jingine.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba tunachokiona ni matokeo ya chakula chetu umetoka Kampala. Kwa kawaida kongoti huanza kutaga wakati wa kiangazi. Mtafiti Mmarekani M. Philip Kahl aliieleza kalenda hiyo katika utafiti alioufanya Afrika Mashariki miaka ya 1960, na sababu yake inaeleweka: maji yakipungua, samaki na vyura hubanwa kwenye madimbwi machache, na mzazi mwenye makinda mawili au matatu hupata cha kuwalisha. Makinda hawawezi kukua kwa matumbo ya ng'ombe peke yake. Wanahitaji viumbe wadogo wazima wenye mifupa, na wanahitaji kulishwa kwa miezi mitatu hadi minne kabla ya kuruka. Kwa maneno mengine, mvua na ukame ndivyo vilivyoamua lini kongoti azaliwe. Lakini Derek Pomeroy, aliyeanza kuhesabu viota vya kongoti wa Kampala miongo mingi iliyopita, alichapisha pamoja na Kibuule mwaka 2017, katika jarida la Ostrich, matokeo yanayopaswa kusomwa na kila ofisa wa jiji. Kongoti wa Kampala sasa wanaanza kuzaliana miezi minne mapema kuliko walivyokuwa wakifanya zamani. Miezi minne ni mabadiliko makubwa mno kwa mnyama wa porini. Ni dalili kwamba kwake mvua si tena mwamuzi wa kwanza, kwa kuwa jiji linalisha mwaka mzima.

Tukifika hapo, swali linahama kutoka juu ya mti hadi chini yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka duniani ilikadiria kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilizalisha tani milioni 174 za taka mwaka 2016, na kwamba asilimia 69 ya taka hizo ziliishia kutupwa wazi. Katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na mimea. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatosha kueleza kongoti. Tunatupa chakula, na tunakitupa bila kukifunika. Dampo la Dandora mjini Nairobi lilifunguliwa miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayajaacha kumwaga. Ilipopendekezwa lihamishiwe Ruai, mamlaka ya viwanja vya ndege ilipinga, kwa hoja kwamba ndege wanaovutwa na taka wangehatarisha eropleni zinazotua na kuruka kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hoja ile ilikuwa sahihi kuliko hata walioitoa walivyoitumia. Ilikiri wazi kwamba kongoti husafiri na taka, na kwamba kuhamisha lundo bila kubadili kilichomo ni kuhamisha ndege pia. Kampala nako, Agosti 2024, sehemu ya dampo la Kiteezi iliporomoka ikafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Kongoti walikuwa wakizunguka juu ya lundo lile kwa miaka mingi. Kila aliyewaona alikuwa ameonyeshwa mahali ambapo jiji lilikuwa likirundika chakula kinachooza juu ya kingine bila mpango, na macho yetu yakaishia kwa ndege.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni zito: afya. Kinyesi cha kongoti kinaweza kuwa na vimelea. Watafiti waliochunguza ndege wa porini nchini Uganda, wakiwemo kongoti wa mjini, walikuta bakteria wa salmonela. Sitaki kulipuuza hilo. Mama anayeuza matunda chini ya mti wenye viota ana haki ya kulindwa, na mgonjwa aliyelazwa kwenye hospitali ambayo ua wake umejaa makinda ana haki hiyo zaidi. Lakini tujiulize bakteria wale wametoka wapi. Kongoti anayekula samaki wa kinamasini na anayekula matumbo yaliyooza nyuma ya machinjio ni wa jamii moja, na tofauti iko kwenye mlo. Mlo ule wa pili haumgusi kongoti peke yake. Panya wanaula, mbwa wasio na wenyewe wanaula, kunguru na inzi wanaula, na maji ya mvua yanaubeba hadi kwenye visima na mitaro ambako watoto wanacheza. Ukimwondoa kongoti, lundo linabaki, na wanaobaki nalo ni hao wanaoingia jikoni mwetu usiku, jambo ambalo kongoti hafanyi. Kulinda watu dhidi ya kinyesi ni kazi inayowezekana bila kuua: kuhamisha meza za wauzaji na vituo vya abiria kutoka chini ya miti yenye viota, kupunguza matawi yaliyo juu ya njia wakati viota vitupu, kuosha lami. Ni kazi ndogo za kila wiki, na halmashauri nyingi haziziingizi kwenye bajeti kwa sababu kukata mti ni mara moja na kunaonekana.

Kuna wanaosema mara moja inatosha: maliza ndege, maliza tatizo. Pwani yetu imeshajaribu njia hiyo kwa ndege mwingine, na matokeo yanajulikana. Kunguru weusi wa asili ya India walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 walienea hadi Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Miaka ya 1990 kampeni ya kuwatega na kuwatilia sumu Zanzibar ilipunguza idadi yao kwa kiasi kikubwa. Kampeni ilipokoma, takataka zikiwa palepale, kunguru walirudi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Na hao ni ndege wageni, wanaoharibu viota vya ndege wa asili, ambao hata wahifadhi wengi wanaunga mkono kupunguzwa kwao. Kongoti ni mwenyeji wa bara hili. Huanza kuzaa akifikia miaka ya kama minne, na huishi miaka mingi. Sumu itakayotegwa kwa ajili yake haitachagua. Atakayekula nyama iliyotiliwa sumu ni tumbusi, mwewe, mbwa wa jirani, na huenda mtu maskini anayeokota dampo. Kenya, kupitia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, imewawekea wanyama wa porini ulinzi wa kisheria. Haiwezekani serikali ya mtaa ikauvunja kwa sababu tu imeshindwa kuzoa taka.

Tumbusi niliowataja wanastahili nafasi yao hapa, kwa sababu wao ndio kielelezo cha nini hutokea walao mizoga wanapoangamia. Mwaka 2015 spishi kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliingizwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, sumu ikiwa sababu kuu. Darcy Ogada na wenzake walifanya jaribio Laikipia, wakachapisha matokeo yake mwaka 2012: mizoga iliyonyimwa tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda kuoza, na wanyama waliokuja kuila walikaa muda mrefu zaidi na kugusana zaidi, hali inayofungua njia ya magonjwa. India iliona jambo hilohilo kwa kipimo cha kutisha. Dawa ya mifugo ya diklofenaki iliangamiza tumbusi kuanzia miaka ya 1990, mbwa wa mitaani wakaongezeka, maji yakachafuka. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan wamekadiria kwamba vifo vya ziada vya binadamu vilipita 500,000 katika miaka mitano tu, kati ya 2000 na 2005. Sidai kwamba kongoti anaweza kushika nafasi ya tumbusi. Nimeshasema kwamba hawezi kufungua ngozi. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo tayari inapoteza tumbusi haina busara kumkimbiza na mlaji mwingine wa mizoga kabla haijajua nani atabaki kuifanya kazi hiyo.

Wengine watanijibu kwamba kongoti si wa kuonewa huruma kwa sababu hayuko hatarini. Ni kweli. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, unamweka miongoni mwa ndege wasiotishiwa na kutoweka, na idadi yake inaongezeka. Tena kuongezeka kwake kuna madhara kwa wengine. Kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kongoti wakiingia katikati ya heroe wanaotaga, huvunja mayai na kula makinda, na wakati mwingine kundi zima la heroe hutelekeza viota. Hoja hii, kwa mtazamo wangu, ndiyo nzuri kuliko zote zinazotolewa dhidi yake, na bado inaunga mkono ninachokisema. Kongoti na heroe wameishi pamoja tangu zamani za kale bila mmoja kumwangamiza mwenzake, kwa sababu idadi ya kongoti ilibanwa na kiangazi na masika. Tukimwondolea kikwazo hicho kwa kumlisha mwaka mzima jijini, tunaongeza wawindaji ziwani. Taka za Nairobi na Nakuru zinaweza kuonekana kuwa jambo la mjini tu, kumbe zina mkono hadi Ziwa Elmenteita. Njia ya kuwapunguzia heroe adha hiyo ni kurudisha kikwazo, yaani kupunguza chakula cha bure, hadi idadi ya kongoti ishuke yenyewe kwa kutaga kidogo.

Lipo pia jambo ambalo halisemwi waziwazi lakini liko chini ya mjadala wote: sura. Korongo taji yupo kwenye bendera ya Uganda na hakuna anayethubutu kusema aangamizwe. Heroe wana hifadhi, wana watalii, wana picha kwenye kalenda. Kongoti ana upara, makovu na mfuko unaoning'inia, na hilo linatosha kumhukumu. Ulaya ya karne ya 19 nayo ilimwona mbaya, lakini ilimwinda kwa ajili ya manyoya laini meupe ya chini ya mkia, yaliyopambia kofia na magauni ya matajiri. Uzuri wake ulihesabiwa pale tu ulipoweza kung'olewa. Mtazame lakini akiwa angani: mwili ule mzito ukishapata hewa ya moto inayopanda, hutandaza mabawa na kuelea bila kupiga hata bawa moja, shingo ikiwa imekunjwa kwa sababu ya uzito wa domo, tofauti na korongo wengine wanaoruka wakiwa wameinyoosha. Siombi mtu ampende. Nadai tu kwamba ofisa anayeandika mpango wa jiji asiongozwe na kichefuchefu, kwa sababu kichefuchefu kimetupeleka kwa ndege wakati mkosaji ni mkataba wa kuzoa taka usiotekelezwa.

Kwa hiyo kifanyike nini? Kwanza mabaki ya nyama na samaki yatenganishwe na taka nyingine yasifike dampo kabisa. Kenya ina sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayotaka taka zitenganishwe zinakotoka. Iliyobaki ni kuisimamia, na mahali pa kuanzia ni machinjio na masoko, kwa kuwa ni machache, yana leseni, na yanajulikana yalipo. Damu na mifupa ni malighafi ya chakula cha mifugo. Matumbo yanaweza kuzalisha biogesi. Mabaki ya sokoni yanaweza kulishwa funza wa nzi askari weusi, kazi ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wameifanyia utafiti mwingi, na funza hao wakawa chakula cha kuku na samaki huku kinachobaki kikawa mbolea. Atakayesema haya ni ya gharama alinganishe na gharama ya Kiteezi. Pia alinganishe na kile ambacho mkulima wa kuku analipa leo kwa dagaa na soya.

Ipo hatari moja ambayo wahifadhi wenzangu katika hoja hii wanapaswa kuikabili kwa uaminifu. Tukifunga bomba la chakula ghafla katikati ya msimu wa kulea, makinda wengi watakufa njaa juu ya miti ya mjini, na wazazi watakuwa na njaa ya kutosha kuingia mahali wasipoingia leo. Kwa hiyo upunguzaji uende hatua kwa hatua, na uanze wakati viota vitupu. Na ndege hao wanapoanza kutawanyika, wawe na pa kwenda. Hapo ndipo miji yetu ina deni jingine. Vinamasi vya Nakivubo na Lubigi vimeendelea kujengwa na kufukiwa Kampala ilipokuwa ikipanuka. Kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, kimemegwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Haina maana kumwambia kongoti arudi majini huku tukiyakausha, na vinamasi hivyo ndivyo pia vinavyochuja maji tunayokunywa na kuzuia mafuriko ambayo kila masika tunayalilia.

Ninapendekeza jambo moja la ziada, rahisi na lisilohitaji fedha nyingi. Kila halmashauri yenye kongoti ihesabu viota vyake mara moja kwa mwaka, katika miezi ileile na miti ileile, kama inavyofanywa Kampala. Kiota cha kongoti ni jukwaa la vijiti lenye upana wa karibu mita moja, liko juu ya mti, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulihesabu akiwa barabarani bila kifaa chochote. Idadi hiyo ichapishwe kwenye ripoti ya usafi ya mwaka, pembeni mwa tani za taka ambazo mkandarasi anadai amezoa. Tani zinaweza kuandikwa ofisini. Viota haviandikiki, na mlipa kodi atakayeona tani zikipanda huku viota navyo vikiongezeka atajua swali la kumuuliza diwani wake.